Mawese: zao linaloendeshwa na saa 24

Mkungu wa michikichi ukishakatwa, saa imeanza kuhesabu. Ndani ya nyama ya chikichi kuna mafuta, na ndani ya nyama hiyohiyo kuna kimeng'enya kiitwacho lipasi ambacho, tunda likichubuka tu, huanza kuyavunjavunja mafuta hayo kuwa asidi. Siku ya kwanza hasara ni ndogo. Siku ya tatu mafuta yameshaharibika kiasi cha kushushiwa bei, kwa sababu katika biashara ya kimataifa mawese ghafi hutakiwa yasizidi asilimia 5 ya asidi huru. Ndiyo maana kanuni ya kazi hii ni moja kila mahali: mkungu uliokatwa leo ufike kiwandani kabla ya saa 24 kwisha.

Mijadala kuhusu mawese huanzia mbali na hapo. Wengine huanza na misitu na orangutangu, wengine na afya ya moyo, wengine na lawama ya siku nyingi kwamba nchi za tropiki huuza malighafi na kununua bidhaa. Hayo yote yana uzito wake. Ila mimi naona ukizishika hizo saa 24 kwanza, mafundo mengi yanalegea: nani anamiliki ardhi, nani anapanga bei, kwa nini mti uliozaliwa Afrika ulikuja kuitajirisha Asia, na kwa nini tozo inayokatwa bandarini hulipwa na mtu ambaye hajawahi kuiona bandari.

Mkulima wa kakao akishachachusha mbegu zake na kuzianika zikakauka, anaweza kuziweka ndani wiki kadhaa akisikilizia bei. Hana nguvu nyingi sokoni, lakini anaweza kusema "leo siuzi". Wa kahawa vilevile. Mwenye michikichi hana jeuri hiyo. Yeye yuko kundi moja na mkulima wa miwa na wa chai, ambao mavuno yao yasipopita kiwandani upesi ni takataka. Na kiwanda cha kisasa cha kukamua mawese hakinunuliwi kwa mchango wa kijiji. Mikungu hupikwa kwanza kwa mvuke, jambo linaloua kile kimeng'enya na kulegeza matunda. Kisha hupukuchuliwa, matunda yakapondwa, yakakamuliwa, na mafuta yakatenganishwa na maji na matope, huku mise, yaani kokwa za ndani ya tunda, zikikaushwa na kubanguliwa kando. Katika tani moja ya mikungu hutoka takriban kilo 200 za mafuta ghafi na kilo 50 hivi za mise. Kiwanda cha kawaida humeza tani 30 hadi 60 kwa saa, na ili kilipe gharama zake lazima kizungukwe na maelfu ya hekta zinazozaa mwaka mzima.

Mwenye kiwanda, kwa hesabu hiyo, hujihakikishia matunda kwa kumiliki ardhi yenyewe au kwa kuwafunga wakulima wa jirani kwa mkataba. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na kisu hapa ni boila na mashinikizo. Hata hivyo haraka ya zao pekee haitoshi kumfanya mkulima mnyonge. Nchini Kenya wakulima wadogo wa chai, ambayo nayo haingoji, ni wanahisa wa viwanda vinavyosindika majani yao kupitia mfumo wa KTDA, ulioanza mwaka 1964 kama mamlaka ya serikali na kubinafsishwa mwaka 2000. Mfumo huo una ugomvi wake usiokwisha kuhusu bonasi na uongozi, lakini ugomvi wa mwanahisa na mkurugenzi ni afadhali kuliko wa muuzaji aliyesimama nje ya geti na mzigo unaooza.

Jinsi Afrika ilivyoachwa nyuma

Mchikichi ni mti wa Afrika Magharibi na ya Kati. Uingereza ilipopiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, wafanyabiashara wa Liverpool waliokuwa wakifuata watu kwenye delta ya Niger waligeukia mawese, maana viwanda vya kwao vilihitaji sabuni, mishumaa na kilainishi cha mashine. Uzalishaji ulikuwa mikononi mwa Waafrika: wanavijiji walikamua, matajiri wa delta wakauza. Mmoja wao, Jaja wa Opobo, alithubutu kuwaruka wafanyabiashara wa Kiingereza waliokaa pwani na kupeleka mafuta Ulaya mwenyewe. Mwaka 1887 Waingereza walimkamata na kumpeleka uhamishoni ng'ambo ya bahari.

Sehemu kubwa ya mafuta ya wakati huo ilikuwa yale "magumu". Wakamuaji waliyaacha matunda yachachuke siku kadhaa ili yalainike, kwa sababu kuyatwanga yakiwa mabichi kulikula nguvu nyingi za mikono. Asidi ilipanda, lakini mtengeneza sabuni hakujali. Mambo yaligeuka mahitaji yalipohamia kwenye siagi ya mimea na vyakula vingine, ambako asidi haivumiliki. Mwaka 1911 William Lever, tajiri wa sabuni wa Uingereza, alipewa eneo kubwa katika Kongo ya Ubelgiji, ambako kazi ilifanyika kwa mabavu ya serikali ya kikoloni. Mwaka huohuo Mbelgiji Adrien Hallet alianzisha shamba la kwanza la kibiashara huko Sumatra, kwa miti iliyotokana na miche minne tu iliyopandwa mwaka 1848 katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java. Shamba, kiwanda na reli vikiwa mahali pamoja, mafuta ya Sumatra yalitoka na asidi kidogo, yakaliteka soko la chakula.

Afrika haikukaa tu. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vidogo vilipelekwa Nigeria ya mashariki, na hapo lilitokea jambo ambalo wapangaji hawakulitarajia. Kwa desturi ya Waigbo wengi, mafuta ya nyama ya chikichi yalikuwa ya mume na mise ilikuwa ya mke. Mume alipoanza kuuza mikungu mizima kwa fedha taslimu, mise ilikwenda nayo. Mashine iliyokuja kupunguza kazi ikahamisha mkoba wa fedha ndani ya nyumba, na wanawake wakaandamana kuipinga. Ukanda huohuo wa michikichi ndiko wanawake walikuwa wameinuka mwaka 1929, bei ya mawese ikiwa imeanguka na uvumi ukienea kwamba nao watatozwa kodi.

Kisha bodi za mauzo za kikoloni, zilizorithiwa na serikali huru, zilimlipa mkulima chini ya bei ya dunia na kubaki na tofauti. Ukimlipa mtu hivyo miaka nenda miaka rudi, hapandi mti mpya. Nigeria iliongoza duniani kwa uzalishaji hadi katikati ya miaka ya 1960. Vita ya Biafra ya 1967 hadi 1970 na fedha za petroli zikamaliza kilichobaki. Leo nchi hiyo inaagiza mawese kutoka nje.

Kisu, kokwa na fukusi

Chukua chikichi ulipasue kwa kisu katikati. Ukikuta ganda nene linaloizunguka mise na nyama kiduchu juu yake, hiyo ni aina inayoitwa dura. Ukikosa ganda kabisa, ni pisifera, ambayo kwa kawaida hutoa maua ya kike yasiyofikia kuzaa. Ukikuta ganda jembamba lililozungukwa na pete ya nyuzi nyeusi, na nyama nene inayochuruzika mafuta, umeshika tenera. Watafiti Beirnaert na Vanderweyen, wakiwa Kongo, walionyesha mwaka 1941 kwamba tenera ni mtoto wa dura na pisifera, na kwamba unene wa ganda unatawaliwa na jeni moja.

Ugunduzi huo una maana nzito kwa mkulima mdogo. Maua ya dura yaliyochavushwa kwa chavua ya pisifera hutoa mbegu za tenera tupu. Lakini anayeokota mbegu chini ya mti mzuri wa tenera wa jirani yake anapanda bahati nasibu: tenera kwa tenera huzaa robo dura na robo pisifera, yaani robo ya miti yake itakuwa na mafuta haba na robo nyingine haitazaa kitu cha maana. Na hatajua mapema. Mchikichi huanza kuzaa karibu miaka mitatu baada ya kupandwa shambani, kwa hiyo muuza miche bandia huwa ameshahama mji kitambo. Kama ningetakiwa kutaja sababu moja ya mavuno duni kwa wakulima wadogo ambayo haitajwi vya kutosha, ningetaja hiyo, kabla hata ya mbolea.

Malaysia ilishughulika na mambo kama haya kwa ukaidi wa kuvutia. Mwaka 1956 iliunda FELDA, taasisi iliyowapa watu wasio na ardhi hekta nne hivi kila familia, wakipanda miche iliyothibitishwa, kiwanda kikiwa katikati na barabara zikifika kila kipande. Saa 24 zilipigiwa hesabu kabla mchikichi wa kwanza haujapandwa. Hata hivyo kwa miongo kadhaa vibarua walikuwa wakichavusha maua kwa mikono, kwa sababu iliaminika kuwa upepo ndio mchavushaji na haukutosha. Mwanasayansi wa wadudu Rahman Syed alipofanya utafiti Kameruni alikuta kazi hiyo inafanywa na fukusi mdogo, Elaeidobius kamerunicus. Mwaka 1981 fukusi huyo aliachiwa kwenye mashamba ya Malaysia, na uchavushaji wa mikono ukawa historia. Afrika ilikuwa imetoa mti bila mdudu wake, na karne nzima ikapita kabla mtu hajagundua.

Bei hutengenezwa wapi

Nani basi anampangia mkulima bei? Rejea lake ni soko la bidhaa la Kuala Lumpur, ambako mikataba ya mawese hununuliwa na kuuzwa kwa ringgit, sarafu ya Malaysia, tangu mwaka 1980. Bei hiyo nayo haijitegemei. Kiwanda cha biskuti au cha sabuni kinaweza kuhamia mafuta mengine, kwa hiyo mawese hupanda na kushuka na soya ya Chicago na alizeti ya Bahari Nyeusi. Na kwa kuwa mawese siku hizi huchomwa pia kwenye injini, bei ya petroli nayo imeingia. Mtu mwenye hekta mbili Kalimantan, Indonesia, anaweza kuneemeka kwa ukame wa Brazili asiousikia hata redioni.

Kutoka bei ya soko hadi bei ya getini kuna ngazi nyingi. Indonesia ina kamati za mikoa zinazokokotoa bei ya mikungu kwa kanuni inayozingatia bei ya mafuta, bei ya mise na umri wa miti, lakini kwa desturi kanuni hiyo imewalinda zaidi wakulima wenye mkataba na kampuni. Wale wasio na mkataba huuza kwa dalali mwenye lori. Mzigo ukifika kiwandani unapandishwa kwenye mizani, kisha mkaguzi anaupekua: mkungu mbichi, makato, kikonyo kirefu, makato, matunda yaliyolowa maji, makato. Kwa sehemu ana haki, kwa sababu mkungu usioiva hautoi mafuta, na dalili ya kuiva ni matunda kadhaa kuanza kudondoka yenyewe chini ya mti. Ila mkaguzi ni mwajiriwa wa mnunuzi, na muuzaji hawezi kugeuza lori arudi kesho. Mahali penye viwanda kadhaa vinavyogombea matunda, makato hupungua ghafla bila sheria yoyote kubadilika. Thailand, mzalishaji wa tatu duniani, ambako wakulima wadogo ndio wenye sehemu kubwa ya michikichi, imenufaika na ushindani wa namna hiyo.

Kuongeza thamani, na anayelipia

Wanasiasa wa nchi za tropiki hupenda sana kusema tuache kuuza malighafi. Hoja yenyewe ina umri: Raúl Prebisch na Hans Singer waliiandika mwaka 1950, wakidai kwamba bei za mazao ghafi hudhoofika kadiri muda unavyokwenda zikilinganishwa na bei za bidhaa za viwandani. Mawese ni moja ya mazao machache ambako ushauri huo ulifuatwa hadi mwisho. Kuanzia miaka ya 1970 Malaysia ilitoza ushuru mkubwa kwa mawese ghafi yanayotoka nje na kuupunguza au kuufuta kwa yaliyosafishwa. Wasafishaji wakajaa, na nchi ikaanza kuuza oleini, ile sehemu inayobaki kimiminika, na stearini inayoganda, badala ya mafuta mekundu ya pipa. Indonesia ilifuata njia hiyo, na tangu miaka ya katikati ya 2000 ndiyo inayoongoza. Nchi hizo mbili kwa pamoja hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote duniani.

Kinachosemwa kwa sauti ya chini ni nani alilipia viwanda hivyo. Ushuru wa kuuza ghafi nje huishusha bei ya ndani, maana msafishaji wa ndani hana haja ya kulipa zaidi ya kile ambacho muuzaji angebaki nacho baada ya kukatwa bandarini. Msafishaji huishusha kwa mkamuaji, mkamuaji huishusha kwa mwenye mikungu. Huyu wa mwisho hana wa kumshushia. Upande wa pili wa bahari kuna ukuta mwingine: nchi nyingi zinazonunua hutoza mafuta yaliyosafishwa ushuru mkubwa kuliko ghafi ili kulinda viwanda vyao, na India, mnunuzi mkubwa kuliko wote, imekuwa ikipandisha na kushusha tofauti hiyo kulingana na shinikizo la wasafishaji wake na la walaji.

Mwaka 2022 ulionyesha hesabu hii ikiwa uchi. Vita ya Ukraine ilizuia alizeti ya Bahari Nyeusi, na mwezi Machi mawese yakavuka ringgit 7,000 kwa tani. Nchini Indonesia mafuta ya kupikia yakaadimika madukani, kwa sababu kuuza nje kulilipa zaidi. Rais Joko Widodo akapiga marufuku usafirishaji kuanzia tarehe 28 Aprili. Katika siku chache matangi ya wasafishaji yalijaa, wakamuaji wakakosa pa kumwaga mafuta, wakaacha au wakapunguza kupokea mikungu. Wakulima, wakiwa na matunda yasiyosubiri, waliandamana Jakarta katikati ya Mei. Marufuku iliondolewa tarehe 23 Mei. Bei ya dunia nayo ilishuka, na kufikia Septemba ilikuwa chini ya ringgit 4,000. Mwenye tangi alikuwa na la kufanya katika wiki zile: kungoja.

Msitu

Mchikichi ndio mmea wa mafuta wenye mavuno makubwa kuliko yote kwa eneo. Hekta moja hutoa wastani wa tani tatu na zaidi za mafuta kwa mwaka, wakati soya hutoa karibu nusu tani na alizeti chini ya tani moja. Watetezi wa zao hupenda kusema kwamba kususia mawese ni kuhitaji ardhi zaidi kwingine, na hesabu yao ni sahihi. Inaacha tu swali la ardhi hiyo iko wapi. Kanda inayomfaa mchikichi ndiyo kanda ya misitu ya mvua, na sehemu ya Sumatra na Borneo iko juu ya matabaka mazito ya mabaki ya mimea yaliyolala majini maelfu ya miaka. Ukichimba mitaro kuyakausha, yanaoza na kutoa kaboni, na yakishika moto huungua chini kwa chini kwa wiki. Mwaka 2015 moto uliteketeza takriban hekta milioni 2.6 nchini Indonesia, na Benki ya Dunia ilikadiria hasara ya dola bilioni 16. Si yote yalikuwa mashamba ya michikichi, lakini mitaro na moshi vilijulikana vilikotoka.

Jibu la soko lilikuwa vyeti vya RSPO, chombo cha hiari cha wadau wa mawese kilichoundwa mwaka 2004, ambavyo vimefikia karibu moja ya tano ya uzalishaji. Jibu la sheria ni kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inayozuia mazao kadhaa, yakiwemo mawese, kakao, kahawa na soya, yaliyolimwa kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja. Kanuni inataka kila shamba lijulikane kwa ramani, na hapo tunarudi getini: lori moja la dalali hubeba mikungu ya watu wengi, na kwa kuwa haiwezi kungoja kupangwa, yote humwagwa kwenye rundo moja. Kampuni yenye shamba lake hutoa ramani kwa siku moja. Mkulima mdogo anaweza kuwa hajakata mti hata mmoja wa msituni na bado mafuta yake yakaonekana hayana asili. Naiona kanuni kuwa ya haki katika lengo lake na ya kizembe katika kumfikiria mtu huyo.

Na wakulima wadogo si pembezo. Nchini Indonesia wanashika takriban asilimia 40 ya eneo la michikichi. Miti yao mingi imezeeka: ikipita miaka 25 inakuwa mirefu kiasi kwamba mundu uliofungwa kwenye ufito mrefu haufiki vizuri, na mavuno hupungua. Kupanda upya ni kukubali miaka mitatu bila kipato. Mwaka 2015 serikali ilianza kukata tozo ya dola 50 kwa kila tani ya mawese ghafi inayotoka nje, na moja ya sababu zilizotajwa ilikuwa kugharamia upandaji huo. Sehemu kubwa mno ya fedha ilikwenda kufidia dizeli ya mawese. Ruzuku ya kupanda upya imeongezwa mara kadhaa, hadi rupia milioni 60 kwa hekta mwaka 2024, lakini mwombaji lazima aonyeshe kwamba ardhi ni yake na haimo ndani ya mipaka ya msitu wa serikali. Wengi hawana karatasi hiyo, ileile ambayo mnunuzi wa Ulaya naye ataanza kuulizia, na ofisi ya ardhi ya wilaya inaweza kuchukua miaka kuitoa.